Akiba ya Ardhi Si Mavuno ya Shamba

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Twakubali, lakini wahenga hao hawakusema kwamba akiba hailiki ikaisha. Mwenye ghala la mtama aweza kuchota kila siku pasipo kupima, na kwa nje ghala likaonekana lile lile, hata siku moja aingie akute makapi na panya. Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wafanya kazi juu ya ghala moja kubwa ambalo hatukulijenga sisi wala babu zetu. Ghala hilo liko chini ya ardhi na chini ya bahari, na ndani yake mna makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Vitu hivi vyatajwa kila siku. Dereva wa lori auliza bei ya dizeli kabla hajauliza habari za nyumbani. Mama apima kama gesi ya mtungi itafika mwisho wa mwezi. Mfanya kazi wa kiwanda cha saruji asimama karibu na tanuru kubwa, akijua tu kwamba lisipopata moto naye hapati mshahara. Lakini ukiwauliza vitu hivi vimetoka wapi, vilifanyikaje, na kwa nini haviwezi kupandwa tena kama muhogo, wengi watacheka. Si kosa lao, maana ni wachache waliokaa nao wakawaeleza. Walakini ni hatari, kwa sababu mtu asiyekijua kitu hawezi kudai hesabu yake.

Tuanze na makaa ya mawe. Haya si ndugu wa mkaa wa gunia. Mkaa wa gunia ni mti uliokatwa juzi ukachomwa katika tanuri la udongo. Makaa ya mawe ni msitu uliokufa kabla binadamu hajakuwapo duniani. Makaa ya Kiwira, ya Ngaka katika wilaya ya Mbinga, na ya Mchuchuma katika wilaya ya Ludewa ni ya zama ambazo wataalamu huziita Karoo, yapata miaka milioni 250 hadi 300 iliyopita. Wakati ule Afrika, Bara Hindi, Amerika ya Kusini na Australia zilikuwa nchi moja. Katika mabonde yake palikuwa na vinamasi vikubwa. Miti na majani yalianguka katika maji yaliyotuama, na kwa kuwa hewa haikuyafikia, hayakuoza yakaisha. Yalilundikana tabaka juu ya tabaka, yakawa kama udongo mweusi. Udongo wa namna hiyo wafanyika hata leo katika vinamasi, na ndugu zetu wa Rwanda wamejenga mitambo ya kuuchoma ili wapate umeme.

Baadaye mito ilileta matope na mchanga, ikaufunika udongo ule. Uzito ukauminya, joto la ndani ya ardhi likaupika, maji yakatoka, gesi zikatoka, ikabaki kaboni. Uliominywa kidogo ulikuwa makaa ya rangi ya kahawia, ambayo yana maji mengi na moto wake ni hafifu. Uliominywa zaidi ulikuwa makaa meusi, ndiyo yatumiwayo sana viwandani. Ule uliominywa na kupikwa kupita yote ulikuwa makaa magumu yang'aayo, yaitwayo anthrasaiti, nayo hutoa moto mkali na moshi kidogo. Basi aina za makaa si vitu mbalimbali; ni kitu kimoja katika madaraja mbalimbali ya umri na mateso.

Mafuta na gesi vina asili nyingine. Hivi havikutokana na miti mikubwa bali na viumbe vidogo mno, ambavyo jicho tupu halivioni, vilivyoelea katika bahari na maziwa ya kale. Vilipokufa vilizama, vikachanganyika na matope ya chini, vikafunikwa. Kadiri tabaka zilivyoongezeka, ndivyo vilivyoshuka kwenye joto. Mambo haya yafanana na chungu jikoni. Joto likiwa kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, mabaki yale hugeuka mafuta. Joto likizidi nyuzi 150, mafuta yenyewe huvunjika yakawa gesi. Moto ukiwa mdogo hupati kitu. Moto ukizidi, chakula chakauka. Ndiyo maana nchi moja yapata mafuta na jirani yake yapata gesi. Mafuta ya Ziwa Albert yaliyothibitishwa Uganda mwaka 2006 yalitokana na viumbe vya ziwa la kale, nayo yana nta nyingi hata yakipoa huganda. Kwa sababu hiyo bomba la kilomita 1,443 la kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga limebuniwa ili mafuta yapashwe moto njiani.

Wengine wadhani kwamba mafuta yamekaa chini kama ziwa, na kwamba ukitoboa utayachota kwa ndoo. Sivyo. Yamekaa ndani ya vinyweleo vya mawe, kama maji ndani ya sifongo. Na ili yasipande juu na kupotea, lazima pawepo jiwe jingine lisilopenyeza, limefunika juu kama kifuniko cha sufuria. Jiwe lenye kuzaa, jiwe lenye kubeba na jiwe lenye kufunika: likikosekana moja katika hayo matatu, kisima ni kikavu na fedha iliyotumika kuchimba imekwenda na maji.

Kwa kuwa vitu hivi vyote vitatu ni mabaki ya viumbe vya kale, wataalamu waviita nishati ya visukuku. Neno hilo lina somo ndani yake. Nishati tunayoichoma leo ni jua la kale, lililonaswa na majani na vijimea, likafungiwa ardhini. Shamba la mahindi hunasa jua la mwaka mmoja, na mwaka wa pili hunasa tena. Kisima cha gesi kilinasa jua la mamilioni ya miaka, na kikiisha kimekwisha. Ndiyo maana twasema akiba ya ardhi si mavuno ya shamba.

Sasa tutazame matumizi. Makaa ya mawe ndiyo yaliyoijenga Uingereza ya viwanda. Mwaka 1712 Thomas Newcomen alitengeneza mashini ya mvuke ya kuvuta maji katika machimbo, na baada yake zikafuata viwanda vya nguo, reli na meli, zile zile zilizoleta watawala katika pwani zetu. Hata leo makaa huyeyusha chuma, huendesha mitambo ya umeme, na huchoma mawe ya chokaa katika matanuru ya saruji. Makaa yetu ya Ruvuma yamenunuliwa na viwanda vya saruji vya hapa nchini na vya nchi jirani. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipofunga njia za nishati ya Urusi, makaa yale yale yalisafirishwa kwa malori hadi bandari ya Mtwara, yakapakiwa melini kwenda hata Ulaya.

Mafuta yachimbwayo hayatumiki jinsi yalivyo. Hupashwa moto hadi nyuzi kama 350, yakapanda kama mvuke katika mnara mrefu, na kila kitu kikatua kwenye daraja lake: gesi nyepesi juu kabisa, kisha petroli, mafuta ya taa na ya ndege, dizeli, mafuta ya kulainishia mitambo, na chini kabisa lami ya barabara. Kutoka katika hayo hufanywa pia plastiki, nyuzi za nguo, rangi na dawa. Ndoo ya mama kisimani na kandambili miguuni mwa mtoto ni jamaa za petroli.

Gesi nayo huendesha mitambo ya umeme, huchoma saruji na vioo, hupikia, huendesha magari, na hutumika kutengeneza mbolea ya urea. Hapa pana jambo ambalo limeleta manung'uniko mengi. Wananchi wauliza: kama gesi imejaa Kilwa na Mtwara, mbona mtungi wa jikoni ni ghali, tena watoka ng'ambo? Swali ni la haki, na jibu lake ni hili. Gesi ya mtungi ni propani na butani, ambazo ukizisukuma kidogo huwa maji na kuingia katika mtungi mwembamba. Gesi yetu asilia karibu yote ni methani. Methani haikubali kuwa maji kwa kusukumwa tu. Mpaka ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Kwa hiyo yataka bomba hadi mlangoni, au mtungi mzito wa chuma kama ule wa magari na bajaji zitumiazo gesi. Aliyewaambia watu kwamba gesi ya Songo Songo itajaza mitungi ya jikoni aliwadanganya. Lakini aliyenyamaza, huku akijua kwamba ni mabomba ya mitaani yatakayoifikisha gesi hiyo kwa mpishi, naye hakuwatendea haki.

Kutojua si aibu, ila hugharimu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Wako waliosema ni tamaa. Sisi twasema ni umaskini uliokutana na kutojua. Mvuke wa petroli hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama nyoka, na cheche moja mbali na lori yatosha. Laiti kila mtoto wa shule angelifundishwa maneno hayo machache, pengine wengine wangelisimama mbali.

Tuje kwenye hesabu. Tulipokuwa hatuna nishati yetu tulijifunza kwa uchungu maana ya kumtegemea mwingine. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa udhalimu, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta, na ndipo lilipojengwa bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Mwaka 1973 bei ya pipa la mafuta ilikuwa kama dola 3; kabla miezi sita haijatimia ilikuwa karibu dola 12. Mkulima aliyeuza pamba na kahawa kwa bei ile ile aliona trekta limesimama. Mwaka 1979 bei ilipanda tena. Mwaka 2022 pipa lilipita dola 100, na Serikali ya Tanzania ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi mmoja wa Juni ili kupunguza makali. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilichofunguliwa mwaka 1963, na kile cha Kigamboni kilichofunguliwa mwaka 1966, vyote viwili viliacha kusafisha, vikabaki kuwa maghala ya mafuta yaliyosafishwa na wengine.

Kwa upande mwingine, gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Waliokuja walitafuta mafuta, na walipoikuta gesi hawakuiona kuwa kitu. Ilikaa miaka 30. Mwaka 2004 ilifika Dar es Salaam kwa bomba, ikaendesha mitambo ya Ubungo na tanuru za Wazo Hill. Ile ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ikaanza kuwapa umeme watu wa Mtwara baada ya mwaka 2006. Baadaye zikaonekana hazina kubwa katika bahari kuu, na jumla ikatangazwa kuwa futi za ujazo zaidi ya trilioni 57. Hesabu hiyo iliwalevya wengi. Wakasahau kwamba sehemu kubwa ya gesi hiyo iko chini ya maji yenye kina cha kupita mita 1,000, na kwamba gesi iliyo chini ya bahari si fedha iliyo mfukoni.

Ndipo yakatokea mambo ya Mtwara. Mwezi wa Januari na tena mwezi wa Mei mwaka 2013 palikuwa na ghasia juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Nyumba zilichomwa, na watu walikufa. Wananchi walisema: gesi imetoka kwetu, viwanda na vijengwe kwetu. Serikali ilisema: mali hii ni ya taifa zima, wala haiwezi kuwa ya mkoa mmoja. Maneno yote mawili yalikuwa na kweli ndani yake. Nchi haiwezi kugawanywa kwa visima. Kagera ikashika kahawa yake, Geita dhahabu yake, Mtwara gesi yake, na mwisho tusiwe na nchi. Lakini pia haiwezekani mtu wa kusini aliyevumilia miaka mingi barabara mbovu na bei mbaya ya korosho aambiwe asubiri tena, huku akiona bomba likipita mbele ya mlango wake. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Somo lililobaki ni kwamba hesabu ya mali ya umma yapasa isomwe kwa wenye mali kabla ya kazi kuanza, si baada ya moshi kupanda.

Tunayo mifano ya wengine. Nigeria ilipata mafuta Oloibiri mwaka 1956. Kisima kile kilikauka zamani, na Oloibiri imebaki kijiji maskini. Nchi nzima iliuza mafuta ghafi kwa miongo mingi huku ikinunua petroli kwa wageni. Norway ilipata mafuta yake mwaka 1969. Watu wake waliamua kwamba fedha ya mafuta ni ya watoto pia. Wakaunda mfuko mwaka 1990, nao hutumia sehemu ndogo tu kila mwaka. Yasisemwe kwamba Wanorway wameumbwa kwa udongo mwingine. Walikuwa na watumishi waliosoma, sheria zilizofuatwa, na vyama vya wafanya kazi vilivyouliza maswali. Nasi tuliandika sheria mwaka 2015, tukaweka mfuko wa mapato ya mafuta na gesi. Sheria ni mbegu njema. Bali mbegu iliyomo katika kopo haishibishi mtu.

Sasa twafika mahali pagumu. Tulisema akiba haiozi. Akiba hii yaweza kuoza. Kaboni iliyofungiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka, binadamu ameitoa kwa muda wa karne mbili na nusu. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa kaboni dioksaidi ilikuwa kama sehemu 280. Leo yapita 420. Hewa hiyo hushika joto kama blanketi, na mkulima ashangaa mvua kuja nje ya majira yake. Afrika nzima hutoa karibu sehemu 4 tu katika kila 100 za moshi huo wa mwaka, na si haki wale waliotajirika kwa makaa watuhubirie tukae gizani. Lakini haki ni jambo moja na soko ni jambo jingine. Tarehe 30 Septemba 2024 Uingereza, mama wa makaa ya mawe, ilizima mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa. Wanunuzi wa leo waweza kuwa wameondoka kesho, na mwenye ghala aliyejivuna akabaki na mtama usio na mlaji.

Basi twavutwa pande mbili. Tukiharakisha, twaweza kufunga mikataba mibaya na kula urithi wa wajukuu. Tukichelewa, urithi wenyewe waweza kukosa thamani. Maoni yetu ni kwamba kipimo si haraka wala polepole. Kipimo ni kile kinachonunuliwa kwa akiba hiyo. Gesi ikilipa posho, magari ya fahari na safari, imepotea hata kama bei ilikuwa nzuri. Gesi ikijenga kiwanda cha mbolea, ikasomesha mafundi wa kuchomelea na wahandisi wa visima, ikaweka umeme vijijini, basi imegeuka kitu kisichokwisha. Bwawa la Rufiji la megawati 2,115, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, na reli ya umeme iliyofika Dodoma mwaka huo huo, hutuonyesha kwamba yako mambo yawezayo kuendelea baada ya kisima kukauka. Hali kadhalika mpango wa mwaka 2024 wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034 hautatimia kwa mtungi wa ng'ambo peke yake. Wataka mabomba, umeme wa bei nafuu, na uangalifu wa misitu.

Ndugu wafanya kazi, ninyi ndio mnaoishika mali hii kwa mikono. Mchimba makaa na adai kinga ya vumbi lisimharibu mapafu, na hewa ya kutosha shimoni, maana methani ile ile iendeshayo mitambo humwua mchimbaji. Mwenye kazi katika bomba na ajifunze kazi ya bwana aliyekuja kumwongoza, hata siku bwana huyo akiondoka, mitambo isisimame. Mjumbe wa tawi na aulize katika mkutano, kwa adabu lakini bila haya: mwaka huu tumetoa kiasi gani, tumepata kiasi gani, na tumenunua nini ambacho hakitakwisha?

Maswali hayo matatu si uchochezi. Ndiyo maswali ambayo kila mwenye nyumba huuliza ghalani mwake jioni, kabla hajafunga mlango.